Kizuri Chajiuza: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Mtindo wa Lugha na Bidhaa za Fahari

Tangu tulipochapisha makala kuhusu maneno yanayoandikwa kwenye kanga, barua zimekuwa zikitufikia mfululizo kutoka Unguja na Pemba, na nyingi kati yake zimevuka mpaka wa kanga zikauliza juu ya lugha ya nyimbo, ya mabango, ya chupa za marashi na ya mikoba ya bei kubwa. Nimechagua tano. Baadhi nimezifupisha, lakini swali la kila mmoja nimeliacha kama alivyoliuliza.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili. Nimependekeza utafiti wangu uwe juu ya mtindo wa lugha katika matangazo ya saa, marashi na mikoba ya kampuni kubwa za Ulaya, nikiulinganisha na lugha ya kanga na taarabu. Ami yangu, ambaye ndiye anayenilipia ada, anasema elimumitindo ni ya kuchambulia tenzi na mashairi, na kwamba tangazo la mkoba si kitu cha kusomewa chuo kikuu. Nimjibu nini bila ya kumvunjia heshima?
*Mwanafunzi, Kikwajuni*

Marahaba, mwanangu. Ami yako ana haki ya kuuliza, kwani fedha ni zake, na pia kwa sababu wengi wetu tulifundishwa skuli kwamba mtindo ni pambo ambalo washairi hulitia juu ya maneno kama nakshi juu ya mlango. Mwambie kwa upole kwamba elimumitindo huuliza swali moja tu: kati ya njia zote ambazo mtu angeweza kulisema jambo lake, kwa nini amechagua hii na akaziacha nyingine? Swali hilo huulizwa mbele ya utenzi, na huulizwa vilevile mbele ya kikaratasi kilichobandikwa kwenye chupa.

Tena historia iko upande wako. Mswisi Charles Bally, aliyefundisha Geneva na ambaye kitabu chake cha mwaka 1909 huhesabiwa miongoni mwa misingi ya taaluma hii, aliyaacha mashairi kando kwa makusudi akachunguza lugha ya kila siku, yaani namna watu wa kawaida wanavyotia hisia ndani ya maneno ya kawaida. Roman Jakobson, mzaliwa wa Moscow aliyehamia Marekani, alipoandika mwaka 1960 juu ya kazi ya ushairi ndani ya lugha, mfano mmoja aliouchambua haukutoka katika diwani yoyote. Ulikuwa wito wa kampeni ya urais wa Marekani ya Dwight Eisenhower, "I like Ike" (nampenda Ike), maneno matatu mafupi ambamo sauti za jina la utani la mgombea zimezama ndani ya kitenzi cha kupenda, hata asemaye anapenda huwa amekwisha kulitamka jina lenyewe. Mfaransa Roland Barthes naye alitoa mwaka 1967 kitabu kizima juu ya mavazi ambacho hakichambui nguo hata moja. Kinachambua sentensi zinazoandikwa chini ya picha za nguo katika majarida ya mitindo. Hoja yake ni kwamba kitambaa hakina neno mpaka kiandikiwe neno, na kwamba neno hilo ndilo linalokigeuza kuwa cha msimu huu na si cha msimu uliopita.

Lakini ami yako huenda asishawishike na majina ya Ulaya, na mimi pia nisingeyategemea hayo peke yake. Mchukulie kanga. Kuna jina la kanga ambalo hapana nyumba ya Unguja isiyolijua: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Mwombe alisome kwa sauti, kisha mwonyeshe kwamba herufi zote za "meno" zimo ndani ya "maneno", kwa mpangilio uleule. Ni kama neno la kwanza limefunguliwa katikati likatiwa sauti mbili. Sikio linayasikia meno ndani ya maneno kabla akili haijaambiwa kitu, na hapohapo "naogopa" inageuzwa kuwa "siogopi", kwa hiyo kile kilichotisha katika nusu ya kwanza kinang'olewa ukali katika nusu ya pili. Sasa badilisha neno moja useme "siogopi mtu kwa usemi wake". Maana iko palepale, lakini kanga hiyo haitanunuliwa. Hiyo tofauti ndiyo taaluma unayotaka kuisomea.

Liko jambo la pili linalounganisha kanga na mkoba wa Paris, nalo ningependa ulitafiti kwa kina. Mwanamke akijifunga kanga yenye fumbo akapita mbele ya mlango wa jirani, amesema na hakusema. Akiulizwa, atajibu kwamba yeye kavaa nguo tu, maneno yameandikwa na kiwanda. Mwenye kubeba mkoba wenye nembo maarufu naye hasemi "nina fedha", kwa kuwa akilisema hilo kwa kinywa ataonekana hana adabu. Mkoba ndio unaosema, naye amenyamaza. Lugha zote mbili zina msemaji anayeweza kukana, na zote mbili zina msikilizaji asiyetajwa jina ambaye hata hivyo anajijua. Waimbaji wa taarabu ya mipasho wanaifahamu siri hii vizuri: humwambia "wewe" mtu ambaye hawamtaji, na ukumbini anayeinuka kwenda kutunza huwa amekwisha kujichagulia upande.

Ushauri wangu wa mwisho kwako ni kwamba usikusanye matangazo mengi. Chukua kumi, uhesabu vitenzi vyake, uone vingapi viko katika hali ya kuamuru na vingapi havimtaji mtendaji. Utashangaa kuona kwamba bei ya kitu inapopanda, vitenzi hupungua.

Asalaam alaykum. Jarida lenu limeandika "bidhaa za anasa" kama kwamba ni sifa. Sisi tulivyolelewa huku, anasa ni neno la kuonywa nalo. Mtu aliyezama katika anasa ni mtu aliyepotea. Imekuwaje neno hili likawa la kusifia biashara?
*Mwalimu mstaafu, Wete*

Waalaykum salaam, mzee wangu. Umetukosoa, nasi tumekubali. Wazungu walipitia njia hiyohiyo: neno ambalo Waingereza wanaitia bidhaa hizi, "luxury", limetoka katika neno la Kilatini ambalo kanisa lilikuwa likiliorodhesha miongoni mwa madhambi saba, na katika Kiingereza cha Shakespeare lilikuwa na maana ya ashiki na uasherati. Karne za biashara zimelisafisha. Letu halijasafishwa, na mimi sioni haja ya kulisafisha, kwa sababu tunayo maneno mengine yaliyokaa tayari na kila moja lina kivuli chake. Kitu aali kimesifiwa kwa ubora wa utengenezaji wake. Kitu cha fahari kimesifiwa kwa macho ya wanaokitazama. Tunu thamani yake imo katika mkono uliokupa, ndiyo maana hata ua moja la kilua huweza kuwa tunu. Katika safu hii, kuanzia leo, nitaandika "bidhaa za fahari", kwa kuwa hapa tunazungumzia vitu vinavyonunuliwa ili vionekane.

Mwalimu, nina miaka mingi napika udi wa kufukiza na nachanganya marashi nyumbani, nauza kwa majirani na kwenye harusi. Binti yangu aliyesomea biashara anataka tutie udi kwenye visanduku vizuri tuuze madukani na hata nje ya nchi. Tuliandika kikaratasi cha kubandika kwa Kiswahili, kisha akasema Kiswahili hakionekani cha bei, bora tuandike Kifaransa. Tulichoandika ni hiki: "UDI BORA KULIKO WOTE ZANZIBAR!!! Jipatie sasa kwa bei nafuu. Unanukia sana, utaupenda mwenyewe." Tumekosea wapi?
*Mpika udi, Jang'ombe*

Bibie, barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu ndani ya maneno yale machache mna karibu kila kitu ninachokifundisha.

Tuanze na Kifaransa. Binti yako hakuota. Kifaransa kimepata harufu ya bei kubwa kwa sababu za kihistoria: Hermès walianza Paris mwaka 1837 kwa kushona hatamu na vifaa vya farasi wa matajiri, Louis Vuitton akafungua duka la masanduku ya safari mwaka 1854, na karne nzima ya wafumaji, washonaji na watengenezaji marashi ikafuata. Lugha iliyokaa muda mrefu karibu na vitu vya thamani hunukia kama vitu hivyo, sawa na nguo iliyokaa juu ya tenga la udi. Wafanyabiashara wengine wakagundua kwamba harufu hiyo inaweza kuuzwa hata bila ya lugha yenyewe. Aiskrimu inayoitwa Häagen-Dazs haikutoka Denmark. Ilianzishwa New York mwaka 1960, na jina lake lilibuniwa tu ili lionekane la Kidenishi, wala kwa Kidenishi halina maana yoyote. Mnunuzi hakulifahamu, na hakutakiwa kulifahamu. Alitakiwa alisikie.

Kwa hiyo binti yako ana hoja kwamba sauti huuza. Ninapoachana naye ni hapa: sauti ya kigeni humvutia yule ambaye kwake ni ya kigeni. Mfaransa anayetaka udi wa Unguja hatafuti Kifaransa, anacho kwao tele. Anayetoka Muscat au Dubai naye hatakinunua kisanduku chako kwa sababu kimeandikwa lugha ya Paris, maana huko pia Paris imejaa. Kitu pekee ambacho hakipatikani katika duka la mwingine ni mahali ulipo na lugha ya mahali hapo. Kibandike Kiswahili mbele, na tafsiri iwe ndogo, nyuma.

Sasa tukitazame Kiswahili chenyewe, kwani binti yako alipoona hakina hadhi aliilaumu lugha, na kosa lilikuwa katika mtindo.

"Bora kuliko wote." Ukilinganisha, umewakaribisha washindani wako ndani ya kisanduku. Msomaji ambaye alikuwa akiwaza udi wako peke yake sasa anawaza wote wale ulioshindana nao, na anaanza kujiuliza ni nani aliyepima. Kampuni za bidhaa za fahari hazilinganishi. Kampuni ya saa ya Patek Philippe ya Geneva ina tangazo lililoanza mwaka 1996 na linaloendelea hadi leo, ambalo huonyesha mzazi na mtoto na kumwambia mteja kwamba saa hiyo kwa kweli haimiliki, bali anaitunza tu kwa ajili ya kizazi kijacho. Hamna neno "bora", hamna bei, hamna saa nyingine iliyotajwa. Tazama sarufi ilivyomgeuza mtu: aliingia akiwa mnunuzi, akatoka akiwa mtunzaji. Wao wamelieleza hilo kwa sentensi mbili, na sisi tuna neno moja linalobeba yote, nalo ni amana.

"Jipatie sasa." Hili ni neno la mabango, na sina ugomvi na lugha ya mabango wala ya mnada, muuza samaki asiponadi samaki wake wataoza, na sauti yake pale sokoni ina ustadi wake ambao ningefurahi kuuandikia makala nzima. Kila mahali pana sajili yake, yaani namna ya kusema inayopafaa. Lakini udi haununuliwi kwa haraka. Kumwamuru mtu "sasa" ni kumwambia kwamba kesho hautakuwa na thamani hii.

"Bei nafuu" inamfanya msomaji aifikirie bei kabla hajaifikiria harufu. Alama tatu za mshangao ni kelele. "Unanukia sana" ni maneno ambayo hata sabuni ya kufulia ingeweza kuyasema. "Utaupenda mwenyewe" ndiyo sentensi niliyoihurumia, kwa sababu ndiyo yenye sauti yako; nakuona ukimwambia jirani mlangoni, na mlangoni inafaa kabisa. Ikiandikwa inakuwa ahadi unayoitoa kwa niaba ya pua ya mtu mwingine.

Wahenga walikwisha kulitatua jambo hili: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunaisema methali hii kila siku bila ya kuisikiliza. Hesabu mizani: saba upande wa kwanza, nane upande wa pili, kwa hiyo kibaya kimepewa silabi moja zaidi ya kuhangaika nayo. Angalia wakati uliotumiwa. Haikusemwa "kinajiuza", ambayo ingekuwa habari ya leo asubuhi. Imesemwa "chajiuza", kwa kiambishi kile cha -a- ambacho mazungumzo ya mjini yanazidi kukiacha, na ambacho huliweka jambo mahali lisipoguswa na saa wala siku. Kisha sikiliza hiyo -ji-. Katika "jipatie" inamrudia mteja, ambaye anasukumwa ajitendee kitu. Katika "chajiuza" inakirudia kitu chenyewe, na mwenye kuuza amekaa kando, haonekani.

Mwaka 1921 Gabrielle Chanel, mbunifu wa mavazi wa Paris, alipopelekewa na mtengenezaji marashi Ernest Beaux vichupa vya majaribio vilivyotiwa namba, alichagua cha tano, na marashi yakaitwa Chanel No. 5. Wengine wakati ule waliyaita marashi yao kwa majina ya mapenzi na ndoto. Yeye aliacha namba. Namba haisemi "unanukia sana", na kwa kuwa haikusema, kila mtu alilazimika kukisogelea kichupa. Miongoni mwa vilivyomo humo ni mafuta ya mlangilangi, ambao maua yake wewe unayajua tangu utoto.

Nisije nikakudanganya lakini, ukadhani kunyamaza kunatosha. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kampuni hizi hutumia fedha nyingi na watu wengi kutafuta neno moja la kuandika na maneno ishirini ya kuacha. Kazi ya kuacha ndiyo ngumu. Mimi ningekushauri uandike hivi:

*Udi wa Jang'ombe.*
*Vijiti vya udi, sukari, miski, mawaridi.*
*Wapikwa nyumbani, kwa moto wa makaa.*
*Hufukizwa nguo usiku wa kuamkia harusi.*

Mstari wa kwanza ni jina na mahali, basi. Wa pili hauna kitenzi hata kimoja. Vitu vimepangwa kama vilivyo juu ya sinia, na msomaji anavinusa kimoja kimoja. Wa tatu una "wapikwa", ile -a- ya methali tena, pamoja na hali ya kutendwa inayokuficha wewe na kuuacha udi mbele. Katika wa nne nimetumia hu-, ambayo katika lugha yetu haina mtu wala wakati: hufukizwa na nani? Na wote, tangu zamani. Hakuna lugha ya Ulaya ninayoijua inayoweza kulisema hilo kwa silabi moja. Binti yako akitaka kuona kama Kiswahili kina hadhi, na amsomee mgeni mistari hii minne polepole, akimfukizia kwenye chetezo.

Mambo mawili ya kuangalia. Ukiandika mawaridi, yawemo mawaridi. Mtindo mzuri juu ya kitu cha uongo huharibika haraka kuliko mtindo mbaya. Na usiandike "tangu mwaka fulani" kama huna uhakika wa mwaka wenyewe, hata kama wengine wote wanaandika. Uzito, tarehe ya kupikwa na namna ya kuhifadhi viweke nyuma ya kisanduku kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kwa sababu hapo msomaji hataki shairi.

Ndugu mwalimu, mimi nafanya kazi hotelini, pwani ya mashariki. Wageni wanafika wakiwa tayari wanajua "Jambo" na "Hakuna matata", na tumeagizwa tuyaseme. Baba yangu akinisikia anakasirika, anasema hicho si Kiswahili. Je, ni kweli si Kiswahili? Na je, ni kweli kwamba kampuni ya Marekani imeyafanya maneno hayo kuwa mali yake?
*Mhudumu wa hoteli, Paje*

Ndugu yangu, mwambie baba kwamba "hakuna matata" kisarufi haina kosa lolote. Ila Mzanzibari aliyezoea kusema "hamna tabu" au "haidhuru" huisikia kama nguo ya mtu mwingine. Ilienezwa duniani kwanza na wimbo wa mwaka 1982 wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya, uliotungwa katika mazingira ya hoteli za watalii za pwani, kisha ikatangazwa kwa ukubwa usio na mfano na filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1994. Na ndiyo, mwaka huohuo kampuni hiyo iliomba nchini Marekani kuyasajili maneno hayo kama alama ya biashara kwa ajili ya mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 watu wengi, hasa Waafrika, walitia saini waraka wa kupinga. Sheria ya alama za biashara hailinyang'anyi kinywa neno. Wewe unaweza kulisema Paje asubuhi hadi jioni. Inachozuia ni mwingine kuuza fulana zenye alama hiyo pale inapotambuliwa. Hata hivyo naelewa kwa nini watu waliumia, nami niliumia pamoja nao, kwa sababu aliyesajili hakulitunga neno, na waliolitunga hawana ofisi ya kupelekewa barua.

Kuhusu "jambo" baba yako yuko sahihi kuliko anavyojua. Anayeuliza "hujambo?" anauliza kama huna jambo, yaani kama hakuna zito lililokufika, nawe unajibu "sijambo", sina. Maamkizi yote yamekaa kwenye kile kiambishi kidogo cha kukanusha. Kikikatwa ili mgeni asichoke, kinachobaki ni lile zito lenyewe: unampokea mtu aliyesafiri saa kumi na mbili kwa kumtajia jambo.

Hapa pana suala linalogusa biashara yenu moja kwa moja. Katika hoteli nyingi Kiswahili kinafanya kazi ileile ambayo Kidenishi cha kubuni kilifanya kwa ile aiskrimu: kinasikika, hakieleweki, na hakitakiwi kieleweke. Neno ambalo mgeni alilisikia kwenye katuni akiwa na miaka mitano haliwezi kumfanya ahisi amefika mahali pa pekee, hata akilipa fedha nyingi kiasi gani kwa usiku mmoja. Waambie wakubwa wako kwa adabu kwamba wamfundishe mgeni jibu badala ya salamu. Mhudumu aseme "Karibu bwana, hujambo?" kisha asimame angoje. Mgeni akisema "sijambo", amezungumza, hakuimba, na mhudumu akaongeza "za safari?" Maamkizi yetu ni marefu, na kule kusimama na kungoja hakuuzwi dukani. Hoteli itakayowapa wahudumu wake muda wa kungoja jibu itakuwa imempa mgeni kitu cha fahari.

Bibi yangu ametuachia kanga za zamani, na mojawapo imeandikwa "Mali ya Abdulla". Nimewauliza wengi ni methali gani na hakuna anayejua. Fumbo lake nini?
*Msomaji, Chake Chake*

Si methali, mwanangu, ni chapa. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa wateja kama Abdulla, iliweka alama hiyo kwenye kanga zake ili zijulikane ni zake. Miaka tisa baadaye, mwaka 1896, Georges Vuitton naye alibuni kule Ufaransa kitambaa chenye herufi za jina la baba yake, kwa sababu ileile ya kuwazuia waigaji. Alama ya Mombasa iliandikwa kwa maneno yanayosomeka: "mali ya" fulani. Ulikuwa na haki ya kutafuta fumbo, maana kwenye kanga tumezoea kwamba kila neno lina mlengwa, na hata jina la mwenye mali tunalisoma kama kijembe.

Itazame tena hiyo kanga. Jina lake hasa, kama lipo, litakuwa katikati upande wa chini, juu ya pindo, na alama ya mwenye chapa ni jambo jingine kabisa. Angalia pia kama maneno yameandikwa kwa herufi za Kirumi au za Kiarabu, kwani kanga za mwanzo zenye maneno ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na zilizobaki ni chache. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, usiifue tena. Ipige picha pande zote mbili, na kile kipande cha pili cha doti yake kama bado mnacho, kisha tutumie.